Nimelipwa kuponi za kubetia badala ya pesa ya chakula, halafu naambiwa mkutano umeacha mabilioni Dar es Salaam

Mama wa Sufuria ameanzisha uzi:

Wanajamvi, nimefika nyumbani Buguruni saa tano hii ya usiku, sufuria bado zina ukoko, na ninaandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kumtafutia yule bwana mwandaaji wa mikutano visingizio kama tunavyomtafutia kila mwaka. Jina lake silitaji. Kila aliyewahi kupeleka maturubai, spika, viti au sahani kwenye shughuli kubwa ya mjini anamjua, anaujua utepe wake wa shingoni ulio mpana kama mkanda wa kufungia mizigo ya Kariakoo, na amekwisha kuisikia ile "kesho asubuhi" yake mara zisizohesabika.

Leo, mbele ya wanawake saba waliopika siku tatu mfululizo, amenilipa kuponi za kubetia.

Mnafahamu kwamba wiki hii mji wetu ulikuwa na mkutano mkubwa wa kampuni za michezo ya kubahatisha. Kikundi chetu kilipewa kazi ya kuwalisha mafundi waliojenga mabanda ya maonyesho pamoja na walinzi na wafagiaji: sahani 150 kwa siku, kila sahani shilingi 4,000, siku tatu. Hesabu hiyo ni shilingi 1,800,000. Tulipokea utangulizi wa shilingi 400,000, na zilizobaki, 1,400,000, tuliahidiwa jioni ya leo baada ya kufunga. Mchele tulinunua Tandale kwa mali kauli, samaki wa siku ya pili tuliwafuata Feri alfajiri, na mtaji wenyewe sehemu yake ni ule mkopo wa halmashauri, wa ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa vikundi, ambao marejesho yake hayasubiri mkutano wa mtu.

Jioni nikasimama nyuma ya ukumbi pamoja na wenzangu. Bwana huyo alikuwa jukwaani, na sauti yake nadhani hata waliokuwa kwenye kivuko cha Kigamboni waliisikia. Alisema mkutano umeacha mabilioni katika uchumi wa Dar es Salaam, kuanzia hotelini hadi kwa mama lishe. Alipotamka "mama lishe" alinyoosha mkono kuelekea tuliposimama, na watu wakageuka kututazama, wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi nikiwa nadai 1,400,000.

Baada ya hapo akashuka, akaja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kuponi saba, kila moja ya shilingi 20,000, za kubetia kwenye kampuni mojawapo ya waliokuwa na mabanda pale. Ili uitumie ni lazima kwanza ujisajili kwa namba yako ya simu. Akaniambia, nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema: "Mama, huu ni mtaji. Bashiri vizuri, utapata zaidi ya unachonidai." Bibi mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima ambaye hajawahi kugusa kamari maishani mwake, aliishika ile kuponi kwa ncha za vidole viwili, akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria, kisha akaenda kunawa mikono.

Sasa nawauliza, hayo mabilioni yamehesabiwa vipi? Nimesoma uhasibu kabla ya kushika mwiko, na najua tofauti ya jumla ghafi na kinachobaki. Hesabu za namna hii mara nyingi huanza kwa kuchukua idadi ya wageni, wakaizidisha kwa usiku watakaolala na kwa wastani wa matumizi ya mgeni mmoja, kisha wakaongeza juu yake kile wanachokiita mzunguko wa fedha. Hesabu hiyo huweza kukamilika hata kabla mgeni wa kwanza hajashuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Ndani yake imo shilingi iliyolipia mvinyo ulioagizwa nje na jukwaa lililokodiwa nje, pamoja na faida ya hoteli ambayo mwenyewe hajawahi kukanyaga Buguruni. Shilingi hiyo imepita mjini kwetu kama upepo wa kusi.

Kuna jambo zito zaidi. Kampuni zile si wageni wote. Nyingine zina vibanda Manzese, Mbagala na Tandale, na fedha waliyokodia mabanda yao yenye taa za rangi imetoka kwenye mikeka ya vijana wetu iliyochanika, yaani tiketi za kubetia zilizopoteza. Wameikusanya kwa vijana 500 kwa 500 na 1,000 kwa 1,000, wameitumia ukumbini kwa siku tatu, kisha inatangazwa kuwa fedha mpya iliyoingia mjini! Na sehemu yangu mimi, niliyenunua mchele, mkaa na nyanya, nikamlipa kijana wa bajaji na kuwalisha watu 150 kwa siku, nimerudishiwa kwa kuponi ili niipeleke kulekule ilikotoka. Fedha ya kweli inayozunguka ni ile ya sahani, kwa sababu kila 4,000 nikilipwa inakwenda kwa mtu ninayemjua kwa sura.

Mtanisamehe nikirudia, lakini mkono wake ulikuwa na saa inayong'aa, na ndani ya mkono huo mlikuwa na kuponi. Sahani zangu 30 za melamini bado zimo jikoni kwao.

Afisa Manunuzi Mstaafu: Dada yangu, pole, lakini nakuuliza kwa uchungu: ulipeleka sahani 450 bila LPO, hati ya ununuzi? Umetuambia umesoma uhasibu. Mhasibu anayepika bila hati hiyo amejikaanga mwenyewe kabla ya samaki. Kesho atakwambia huna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na hapo utaambiwa hata hizo kuponi urudishe.

Mama wa Sufuria: LPO niliiomba mara tatu. Nilijibiwa "kesho asubuhi". Baba, huoni kwamba kosa langu la karatasi halimpi mtu ruhusa ya kunilipa kwa kamari?

Msomaji wa Takwimu: Mleta uzi ana hoja, ingawa ameichanganya na sufuria. Tazameni mkutano mkubwa wa sekta hii unaoitwa ICE. Kwa miaka mingi ulifanyika London, na Januari 2025 ukahamia Barcelona, kwenye kumbi za Fira Gran Via. Januari ni msimu mbovu wa hoteli kule, kwa hiyo mgeni wa mkutano analala kwenye chumba ambacho kingekuwa kitupu, na hilo ni ongezeko la kweli. Tena mgeni anayelala hotelini Barcelona hutozwa kodi ya utalii inayohesabiwa kwa usiku, na sehemu ya fedha hiyo hubaki kwenye mfuko wa jiji. Las Vegas nao huendesha mamlaka yao ya mikutano na utalii hasa kwa kodi ya vyumba vya hoteli. Maana yake ni kwamba mgeni mwenyewe ndiye anayelipia sehemu ya gharama ya kumkaribisha. Sisi tungeuita mkutano wa namna hiyo Aprili au Mei, wakati wa masika, hoteli zikiwa zinalia njaa, ningepiga makofi pia. Hata Barcelona kwenyewe, hata hivyo, pana swali: kumbi za Gran Via kwa sehemu kubwa ziko katika manispaa jirani ya L'Hospitalet de Llobregat. Ukisema "jiji limenufaika", lazima useme ni jiji lipi.

Mhudumu wa Chumba: Nafanya kazi katika hoteli moja ya Posta na ninamuunga mkono Msomaji. Hoteli ilijaa, ni kweli, lakini mwezi huu hujaa kila mwaka. Wageni wetu wa kawaida waliambiwa nafasi hakuna, bei ya chumba ikapandishwa, na sisi tukafanya zamu mbili kwa mshahara uleule. Yule bwana alituletea fulana zenye nembo ya kampuni ya kubashiri, akataka tuzivae tunapotandika vitanda. Mama, afadhali wewe umepewa kuponi. Mimi nilipewa fulana ya saizi ya mtoto.

Karani wa Kibanda: Naona kila mtu anatupiga mawe, basi niseme. Sekta hii ni halali. Ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kodi tunalipa. Mwaka 2021 kodi ya ushindi ilipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 15, lakini ile ya mapato ghafi ya kampuni za kubashiri ikapandishwa kutoka 25 hadi 30. Hizo ndizo fedha za kupimia manufaa ya sekta, na huingia kila siku, mkutano uwepo usiwepo. Mimi nakaa nyuma ya dirisha la nondo saa 12, watu wakishinda wananiita mwanangu, wakipoteza wananiita mwizi. Mkutano ulifanyika kilomita nne kutoka kibandani kwangu na sikualikwa hata kufagia.

Mama wa Sufuria: Mwanangu Karani, hapo umesema kweli bila kukusudia. Kama kodi inaingia mkutano uwepo usiwepo, basi isihesabiwe kwenye mabilioni ya mkutano. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu zile kuponi. Bibi wa watu alikwenda kunawa mikono!

Mkalimani Huru: Ninyi wa sahani mna bahati kwamba mlipata utangulizi. Mimi nilitafsiri Kifaransa kwa wajumbe waliotoka Kongo kwa siku mbili nzima, ndani ya kibanda cha vioo kisicho na feni, nikiwa nimekunywa chupa moja ya maji. Nilipodai malipo yangu, niliambiwa kuwa kazi yangu imehesabiwa kama "mchango wa wataalamu wa ndani". Bila shaka mchango huo nao umo kwenye mabilioni. Naomba tuache habari ya wali tuzungumzie taaluma.

Afisa Manunuzi Mstaafu: Nawe ulikuwa na mkataba?

Mkalimani Huru: Nilikuwa na ujumbe wa sauti.

Afisa Manunuzi Mstaafu: Mungu awasaidie watu wa mji huu.

Bajaji ya Feri: Wakubwa, mnazungumza habari za kodi za Barcelona na mimi siku tatu sikuruhusiwa kupita njia yangu. Barabara ya kuelekea ukumbini ilifungwa tangu asubuhi ili mabasi ya wajumbe yapite, na kila siku hesabu ya kumpelekea bosi mwenye bajaji ni ileile. Abiria wangu wa Feri hadi Posta waliteremka na kutembea kwa miguu wakiwa na ndoo za samaki. Hasara yangu ya siku tatu nani ameitoa kwenye mabilioni yake? Maonyesho ya biashara ya Sabasaba nayo hufunga baadhi ya njia, lakini Sabasaba unapata abiria anayenunua sufuria, godoro na mche wa embe, na anayekula barabarani. Mjumbe wa mkutano huu anachukuliwa na basi mlangoni kwa hoteli na kurudishwa mlangoni kwa hoteli. Sikumbeba hata mmoja.

Msomaji wa Takwimu: Ndugu Bajaji, hicho ulichokieleza ndicho kinachopaswa kutolewa kwenye hesabu. Biashara iliyozuiwa, mgeni aliyekosa chumba, saa za askari wa barabarani. Ukiandika upande wa mapato peke yake, hata msiba unaweza kuonekana una faida kwa sababu watu walinunua sanda na wali.

Mchapaji wa Mtaa wa Mkunguni: Habari zenu. Mimi ndiye niliyechapa yale mabango ya "Karibuni Dar es Salaam" yaliyofungwa kwenye uzio. Ni mabango 60, turubai zito, wino mzuri. Sijalipwa hata moja. Nimempigia simu yule bwana mara 19 tangu jioni, na sasa simu inaita hadi inakata. Turubai hilo nikilipata naweza kulikata nikawauzia wenye vibanda vya Ilala wakajikinga na jua, angalau nirudishe fedha ya wino. Tatizo ni kwamba yamefungwa juu sana, na walinzi wana amri yasiguswe hadi mwenye shughuli afike.

Mhudumu wa Chumba: Mlinzi wa geti la nyuma ni mtu mwelewa. Naye hajalipwa.

Karani wa Kibanda: Kaka Mchapaji, turubai hilo unauzaje kwa mita? Dari la kibanda chetu linavuja.

Mama wa Sufuria: Jamani, uzi huu ulikuwa wa kuponi.

Bajaji ya Feri: Mama, tumekusikia na tunakuheshimu. Ndugu Mchapaji, ninayo ngazi ndefu kwa jirani yangu fundi umeme, na bajaji ipo. Tukutane saa kumi na mbili kamili asubuhi kwenye geti la nyuma, kabla walinzi hawajabadilishana zamu na kabla barabara haijajaa. Njoo na kisu cha kukatia kamba, mimi nitakuja na mkono wa kushika ngazi. Mama wa Sufuria, zile sahani 30 za melamini ziko upande gani wa jiko, ili nikiwa palepale nizipakie?