Tupeane uzoefu: baiskeli ya shokapu mbele na nyuma, uliichaguaje?

Mkaa Raskazone
Wakuu, leo asubuhi Ngamiani barabara ya 12 nimepishana na kijana anaendesha baiskeli ya shokapu mbili, kila akikanyaga pedeli nyuma inadidimia. Nikaikumbuka yangu ya 2019. Niliipendea macho: matairi mapana, springi nene nyekundu. Nikienda Pongwe kwa lami nguvu yote inaishia kwenye springi, wazee wa Phoenix na karia ya mkaa wananipita. Niliuza kwa hasara. Sasa nataka nyingine, nisirudie kosa. Nyie mlichaguaje?

Chumbageni Damu
Ya kudunda naijua. Magoti yaliniuma mwezi mzima.

Msambaa wa Soni
Kwanza jiulize unapita wapi siku nyingi, si unapoota kupita. Ukipenda mwendo mrefu na kupanda sana, shokapu ya kuzama milimita 100 hadi 120 inatosha, nayo ni nyepesi. Kupanda na kushuka njia za miguu za huku kwetu Usambara, tafuta 120 hadi 150. Ya 160 na zaidi ni ya mtu anayefuata mteremko wenye mawe. Kwenye kupanda utaikokota. Ile ya 200 ni ya kushuka tu, juu unapelekwa na gari. Na iwe na kitufe cha kuifunga shokapu ya nyuma ukiwa kwenye lami.

Fundi Makorora
Kwa Tanga mjini shokapu ya nyuma ya nini? Ardhi tambarare. Chukua ya shokapu ya mbele tu, pesa inayobaki weka breki za diski za mafuta.

Msambaa wa Soni
Fundi, mkoa wa Tanga hauishii Makorora.

Mama Wawili Muheza
Nimesoma hapo juu mkono ukanisisimka. Mwaka juzi natoka Amani nashuka kuelekea Sigi, masika, udongo mwekundu unateleza kama mlenda. Baiskeli yangu ya 140, mtumba nzuri kabisa. Shokapu yake ni ya upepo, na fundi alikuwa ameijaza kwa pampu ya tairi. Mimi sikujua kitu. Nikawa naona kila jiwe linagonga "ko!" chini yangu, nikadhani ndivyo zilivyo. Kona ya tatu baiskeli ikazama yote, pedeli ikakwama kwenye mzizi, nikaruka juu ya usukani. Mtulinga ukavunjika, nikausikia. Kina mama waliotoka kuchuma chai wakanifunga mkono kwa kanga, bodaboda ikanishusha Muheza polepole, kila shimo nalia.

Nilipopona ndipo nikaona kwenye ule mti wa shokapu kuna kipete cheusi cha mpira. Kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho kabisa, yaani shokapu ilikuwa inazama yote. Kilikuwa kinaniambia siku zote.

Chumbageni Damu
Pole sana dada. Allah akukinge.

Kijana wa Pangani
Pole, lakini mwendo nao ulikuwa mkali. Masika hushuki hivyo.

Mama Wawili Muheza
Ulikuwepo?

Fundi Makorora
Mwacheni dada. Hapo kosa ni la fundi. Tairi la mlimani linataka psi 30 hivi (kipimo cha nguvu ya upepo), shokapu inaweza kupita 200. Pampu ya tairi haifiki huko. Ina pampu yake ndogo yenye geji. Kaa juu ya baiskeli na mkoba wako, sukuma kipete hadi kiguse sili, pale mti unapoingilia, shuka taratibu. Kikiwa kimesogea robo mpaka asilimia 30 ya urefu wa kuzama, sawa.

Kijana wa Pangani
Nunua tairi la inchi 29, linapita juu ya mashimo.

Mrefu wa Mkwakwani
Akiwa mfupi je? 27.5 inageuka vizuri zaidi kwenye kona.

Kijana wa Pangani
Basi apande azijaribu zote mbili. Na anayepita ufukweni aoshe chumvi siku hiyohiyo, beringi za maungio zinaliwa kimyakimya. Kabla hujalipa, shika kiti, inua baiskeli, tikisa gurudumu la nyuma. Ikicheza, acha.

Mkaa Raskazone
Nimerudi barabara ya 12 jioni hii, nimempata yule kijana. Kipete kipo mwisho kabisa. Huwa anaipeleka Amani kila Jumapili. Fundi, hiyo pampu yenye geji unayo? Tunakuja kesho asubuhi.

Fundi Makorora
Ninayo. Njooni kabla ya saa tatu.