Kompaila ya zamani isiyo na uint64_t: nifanyeje?

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)
Ndugu zangu, jambo. Nimeandika programu ya C inayojumlisha uzito wa malori kwenye mizani, kwa gramu, kwa kuwa programu hiyohiyo hupima pia sampuli ndogo za maabara. Kompyuta ya mizani ina kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) ya Microsoft, Visual C++ 6.0 ya mwaka 1998, isiyo na stdint.h, yaani faili inayoleta aina za namba kama uint64_t (namba nzima isiyo hasi ya biti 64), na haibadilishiki kwa sababu kadi ya mizani haifanyi kazi kwingine. Niliweka unsigned long badala ya uint64_t. Programu ikakubali, lakini lori la 108 la tani 40 lilipopita, jumla ilianguka kutoka tani 4,280 hadi tani 25.

Mkaaji wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu, hapo unsigned long ina biti 32, na ikipita 4,294,967,295 huanza tena sifuri. Faili ya stdint.h iliingia katika kanuni za C mwaka 1999, na Microsoft waliileta katika Visual Studio 2010. Andika faili moja yako, maamuzi yote ya aina za namba yakae humo:

```c
#if defined(_MSC_VER) && _MSC_VER < 1600 /* kabla ya Visual Studio 2010 */
typedef __int64 mz_i64;
#else
#include <stdint.h>
typedef int64_t mz_i64;
#endif
```

Nakusihi usijitungie int64_t, maana siku maktaba nyingine ikileta jina hilo, yatagongana. Wala usiitegemee long: kwenye Linux ya biti 64 ina biti 64, kwenye Windows ni 32.

Mwana Himbi (Goma)
Naongeza mawili. Kompaila hiyo hukataa kugeuza unsigned __int64 kuwa double (namba yenye desimali), kwa hiyo aina yenye alama (inayokubali pia namba hasi) aliyoichagua ndugu wa Bukavu ndiyo itakayokuwezesha kugawanya upate tani. Pili, sizeof (inayotoa ukubwa wa aina kwa baiti) haitumiki ndani ya #if. Hakiki ukubwa hivi, nayo kompaila itagoma palepale kama aina si ya baiti 8:

```c
typedef char hakiki[sizeof(mz_i64) == 8 ? 1 : -1];
```

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)
Aksanti sana, ndugu zangu. Nimeandika faili hiyo, na kwenye printf (amri ya kuchapisha matokeo) nimeweka %I64d kwa kompaila ya zamani. Nimerudia uzito wa malori yote 108, na jumla imesomeka tani 4,320.