Koliflawa kwenye jiko la Kusini: tupeane uzoefu, wewe unaipikaje nyumbani?

Mama wa Chuno
Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa ajili ya koliflawa. Gengeni naiona mara kwa mara, watu wanaishika, wanauliza bei, wanairudisha. Anayenunua anaichemsha na karoti, anatia chumvi, basi. Watoto wanaisukuma pembeni ya sahani, na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho kuingia nyumba hiyo.

Mimi naipenda sana na naona inaonewa. Ladha yake ni ya upole na ina maji mengi, kwa hiyo mpishi ana kazi mbili: kuyatoa maji na kuitafutia ladha. Ladha sisi tunazo, tena za kumwaga. Nazi zetu, korosho zetu, ufuta, ukwaju, ndimu. Naomba kila mtu aeleze kitu anachokipika kwa mikono yake.

Naanza na yangu, ya korosho. Nanunua korosho zilizovunjika kwa akina mama wabanguaji, zile ni nafuu na kwa mchuzi hakuna anayeuliza kama zilikuwa nzima. Kwa kichwa kimoja cha wastani nachukua konzi mbili, naloweka kwenye maji ya moto nusu saa, nasaga na tui jepesi mpaka iwe laini kabisa. Koliflawa naichambua maua madogo madogo, naizamisha kwenye maji ya chumvi robo saa wadudu watoke, halafu naikausha kwa kitambaa. Kukausha huko msikuruke. Nikishakausha, nakaanga kwa mafuta kidogo, moto mkali, mpaka kingo ziwe za kahawia, naiweka pembeni. Kwenye kikaango hicho hicho naweka kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya, binzari na uzile (bizari nyembamba). Nyanya zikiiva namimina korosho. Hapo mwiko usitoke mkononi, korosho inashika chini upesi sana. Koliflawa inarudi mwisho, dakika tano tu, nakamulia ndimu, naipua.

Kwa wali mweupe au chapati. Wageni wangu wengi wamedhani ni kuku kabla hawajatafuna.

Binti Mikindani
Shikamoo mama. Hiyo ya korosho naijaribu Ijumaa, In shaa Allah.

Kwetu koliflawa ni ya futari. Tunafanya bhajia. Unga wa dengu vikombe viwili, unga wa mchele vijiko viwili vya chakula ili iwe kavu na ya kukatika, chumvi, uzile, thomu iliyotwangwa, kotmiri na pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo sana. Maji yatiwe kidogo kidogo mpaka uji uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko. Maua unayatokosa dakika mbili kwenye maji yenye chumvi na binzari, unayatandaza kwenye sinia yakauke hasa. Yakiwa na maji unga unabanduka wote ndani ya karai na mafuta yanaruka. Chatini ya nazi na ukwaju pembeni. Kaka zangu, ambao mboga kwao ni samaki, hawajawahi kubakisha.

Mama wa Chuno
Marahaba mwanangu. Unga wa mchele umenifundisha kitu.

Mdau wa Rahaleo, Lindi
Mimi nina swali kwanza. Nataka kuipanda uani. Mbegu nimeziona dukani, udongo wangu mzuri, samadi ninayo. Kuna aliyewahi hapa pwani?

Bwana Shamba, Newala
Kaka, nikueleze kwa upendo kabla hujatumia hela. Koliflawa ni ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na brokoli, kitaalamu zote ni mmea wa jina moja, Brassica oleracea. Lakini yenyewe ndiyo inayodeka kuliko ndugu zake wote. Kile cheupe tunachokula ni ua ambalo halijachanua, na ili lifunge vizuri linataka ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Lindi na Mtwara hata Julai mchana joto linapita 25. Mmea utaota, utatoa majani makubwa ya kupendeza, halafu ama kichwa hakiji kabisa, ama kinakuja kidogo, kimeachana na kina chembechembe kama wali. Zipo mbegu zilizotengenezwa kwa ajili ya joto, waulize wauza pembejeo kwa jina la aina na uanze na miche michache ili ivunwe miezi ya baridi. Kwa uani kwako mimi ningekushauri sukuma wiki na bamia.

Ndiyo maana koliflawa tunayokula inatoka mbali, milimani kama Lushoto, na inapita Dar ndipo ishuke kwetu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar kwenda Lindi kule Kilwa, kila mwenye genge Kusini alijua mboga za baridi zinatoka wapi.

Sasa ukinunua, ipime mkononi. Iwe nzito kuliko inavyoonekana, imefunga, na majani yake bado mabichi. Majani ndiyo yanayosema ukweli wa siku ilizokaa njiani. Kama yamekatwa yote, muuzaji ameficha umri.

Mama Nachingwea
Asante Bwana Shamba, na hayo majani jamani msiyatupe! Naumia nikiyaona kwenye jalala la soko. Mimi namwambia muuzaji anifungie yote. Nayakata membamba kama sukuma wiki, ule mshipa mnene wa kati nautoa na kuukata peke yake kwa sababu unachelewa kuiva. Kitunguu, nyanya moja, majani, karanga zilizotwangwa, tui zito mwishoni. Ugali. Mboga ya familia imepatikana, na ua bado liko kwenye friji kwa siku nyingine. Shina nalo ukilimenya ganda la nje, ndani ni laini na lina utamu kidogo, watoto wangu wanalitafuna bichi na chumvi. Ukihesabu hivyo, bei ya koliflawa si kubwa kama inavyosemwa.

Mke wa Mwalimu, Masasi
Mimi niliingia kwenye koliflawa kwa sababu ya kisukari cha mume wangu. Ni mtu wa wali toka utotoni, na mtu kama huyo ukimwambia wali upungue unamwambia furaha ipungue.

Naikwangua kichwa kizima kwa kile kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Inatoka chenga kama mchele. Naifunga kwenye kitambaa safi, naikamua. Kikaango kipana, mafuta kijiko kimoja, kitunguu, iliki, mdalasini kidogo, halafu chenga zinaingia bila tone la maji. Dakika sita au saba unageuza, bila kufunika. Ukifunika inakuwa uji. Naitia nazi iliyokunwa ikiwa kavu, konzi moja, siyo tui. Harufu inakuwa ya wali wa nazi, na harufu ni nusu ya chakula.

Mwanzoni nilichanganya nusu wali wa kweli, nusu koliflawa. Sasa anaila yenyewe kwa mchuzi wa samaki na haulizi. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga gramu 28 hivi, koliflawa uzito huo huo ni gramu 5 hivi. Tofauti hiyo tuliiona wenyewe kwenye kipimo chake cha baada ya kula. Naomba mlio na wagonjwa msikie hili: kama anachoma insulini au anameza dawa za kushusha sukari, mwelezeni daktari kabla ya kupunguza wanga, maana dozi ya zamani kwenye chakula kipya inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na hiyo ni hatari ya haraka.

Binti Mikindani
Dada yangu, Mungu amzidishie afya shemeji. Hilo la dawa watu wengi hawalijui.

Mchoma wa Ndoro, Lindi
Nilikuwa nasoma kimya, ngoja na mimi nitoe. Kazi yangu ni mishkaki na pweza, na koliflawa niliianza baada ya mteja mmoja asiyekula nyama kunililia kila akija na wenzake anaambulia chipsi.

Naikata mabapa mazito, unene wa vidole viwili, kupitia kwenye shina ili lisiachane. Vile vipande vya pembeni vinavyomeguka navitunga kwenye kijiti. Ukwaju nauloweka, nauchuja uwe mzito. Natia thomu, tangawizi, pilipili, chumvi, binzari, mafuta kidogo, na ufuta niliokaanga mkavu na kuutwanga. Ufuta wa Lindi wote mnaujua, sina haja ya kuusifu. Napaka pande zote, nasubiri saa moja.

Moto ndio siri. Mkaa uwe umeshatulia, umevaa majivu, usiwe na mwali. Koliflawa ukiiweka kwenye mwali inaungua nje na ndani inabaki bichi inayolia kwenye meno. Naiweka kwanza pembeni ya jiko, nafunika kwa sufuria pana, dakika kumi ijipike kwa joto lake. Halafu naisogeza katikati, bila kufunika, napaka tui zito kwa brashi nikigeuza. Tui linadondoka kwenye mkaa, moshi unapanda, na huo moshi unairudia. Ikipata madoa meusi hapa na pale, tayari. Ndimu na kachumbari.

Sasa wanaoiagiza wengi ni wala nyama, wanaila pamoja na pweza. Nasema kwa moyo wote, hakuna mapishi ya koliflawa yanayoifikia ya mkaa. Atakayebisha aje Ndoro nimchomee.

Mama wa Chuno
Sibishi, nakuja!

Bibi Shangani
Wanangu, nilipokuwa msichana majirani zetu walikuwa Wahindi wenye duka la vitambaa, na mama mwenye nyumba alikuwa akipika koliflawa na mbatata, kavu, bila mchuzi. Nilidhani ni chakula chao tangu Adamu, kumbe mjukuu wangu ananisomea kwamba koliflawa ilifika India mwaka 1822 ikitoka Uingereza. Angalieni walivyoifanya yao kabisa. Yeye alikaanga uzile mzima kwenye mafuta mpaka upasuke, akatia binzari, mbatata, halafu koliflawa, akafunika moto mdogo. Hakuongeza maji hata kijiko. Hadi leo napika hivyo hivyo, nikiongeza embe mbichi msimu wake.

Mgeni wa Mnazi Mmoja
Shikamoo bibi. Shikamooni wakubwa wote. Kwangu inatoa harufu mbaya nyumba nzima, na inakuwa ya njano. Tatizo nini?

Bibi Shangani
Marahaba mjukuu. Unatia magadi?

Mgeni wa Mnazi Mmoja
Ndiyo bibi, ili iive haraka kama maharage.

Bwana Shamba, Newala
Hapo hapo. Magadi yanaifanya njano na kuilainisha mpaka inavurugika. Ndimu kwenye maji ndiyo inayolinda weupe. Harufu nayo inatokana na salfa iliyomo ndani ya mmea, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi kutoka. Dakika tano zinatosha, sufuria bila kifuniko. Kuipika kavu kama bibi ni bora zaidi.

Mama Nachingwea
Kabla hatujalala, nani anajua achari yake? Ninayo nusu kichwa kwenye friji.

Binti Mikindani
Dada, ninayo. Maua madogo sana, yatokosee dakika moja, yaanike juani mpaka mchana uishe yawe makavu kabisa. Pasha mafuta, tia mbegu za haradali zipasuke, thomu nzima, binzari, pilipili ya unga, ipua. Yakipoa, changanya na chumvi ya kutosha na ndimu nyingi, jaza chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka. Siku tatu ndipo ionjwe. Kwa joto la huku iweke kwenye friji, na kijiko kiwe kikavu kila unapochota. Sisi tunaila na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha jioni. Chupa haimalizi wiki.

Mama Nachingwea
Pilipili ya unga kiasi gani?

Binti Mikindani
Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kichwa. Kama wapo watoto, nusu yake.