Masega yaking'olewa, gari lizuiwe?

Mleta mada: Wakuu wa Mwanza, jana nilikuwa gereji moja huku Igoma. Fundi kang'oa masega ya gari la mteja (kile kifaa cha kwenye bomba la ekzosi kinachogeuza gesi za sumu), kachomelea bomba tupu, masega yakaenda kwa mnunuzi. Mimi nasema gari hilo lisirudi barabarani. Mnasemaje?

Fundi wa Mabatini: Kaka, yakiziba gari halipandi hata kilima cha Bugando. Mteja ana laki mbili tu, mapya atayatoa wapi? Na likitoka kwangu halitoi moshi, njoo uone.

Mwalimu wa Kemia: Hapo kwenye "halitoi moshi" nakukatalia, fundi wangu. Monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya ekzosi, haina rangi wala harufu. Jicho haliioni, ila mashine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inaiona. Kila kitu kina alama yake kwenye mwanga huo, huhesabiwa kwa idadi ya mawimbi kwa sentimita. Ikiwa gesi huru alama yake iko 2143. Ikinasa juu ya platini, madini yaliyomo kwenye masega, alama inashuka, karibu 2070. Ingiza oksijeni, alama hiyo inafifia na ya kaboni dioksidi, 2349, inapanda. Unaiona sumu ikiliwa! Tena oksidi ya seriamu iliyopakwa kwenye vitundu vya masega huitoa oksijeni yake yenyewe, kisha hujazwa upya. Masega si chujio, bwana.

Dada wa Kirumba: Kwa hiyo kila kinachoonekana juu ya masega kinafanya kazi ya kuila sumu?

Mwalimu wa Kemia: Dada, hilo hata wataalamu wanabishana. Kabonati, yaani kaboni dioksidi iliyonasa kwenye oksidi, alama zake huonekana kati ya 1300 na 1600, na nyingine zimekaa tu kama wapiga soga kijiweni. Ndiyo maana hubadilisha gesi ghafla: alama inayopungua kwa kasi ileile kaboni dioksidi inavyotoka, hiyo ndiyo ya kushukiwa.

Fundi wa Mabatini: Sawa, na yakiziba?

Mwalimu wa Kemia: Yamezibwa na nini? Injini inayokula oili huyapaka fosforasi. Ikimisi, yaani plagi isipowasha, petroli mbichi inawakia humo ndani mpaka yanayeyuka. Ukiyang'oa tu, ugonjwa umeuacha kwenye injini.

Mleta mada: Basi trafiki wawe wanachungulia uvunguni.

Mwalimu wa Kemia: Wataona ganda, ndani patupu, na ganda linachomelewa vizuri tu. Wapime kwenye ekzosi kwa mashine ya infraredi, injini ikiwa ya moto. Chini ya nyuzi 250 hivi hata masega mazima bado yamelala.

Fundi wa Mabatini: Kwa mashine nakubali. Ila waanze na Hiace za Buhongwa, si mteja wangu.

Dada wa Kirumba: Na hizo Hiace zinatengenezwa gereji ya nani, fundi?