Fundi wangu mkongwe anafungua paneli ikiwa na umeme kwa sababu wodi hazikubali kuzimiwa. Nifanyeje?

Mlinzi wa Fezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nasimamia mafundi umeme katika hospitali kubwa na kuna jambo linaninyima usingizi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Nina fundi mmoja mtu mzima, alikuwepo kabla yetu sote. Michoro ya umeme ya majengo ilishapitwa na wakati, maana vyumba vimeongezwa na kugawanywa, kwa hiyo ramani halisi iko kichwani mwake. Ukimwita usiku anakuja. Manesi wanamwamini kuliko wanavyoniamini mimi. Sasa mzee huyu akikuta breka imechoka au kiungio kinachemka, anafungua paneli na kubadilisha umeme ukiwa umo. Juzi amebadilisha breka ya fezi tatu kwenye paneli ya wodi ya watoto wachanga bila kuzima chochote, na kijana wa mafunzo amesimama ubavuni pake akimshikia tochi.

Nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa fupi: "Nikizima, nani atawapa joto wale watoto?" Na kusema haki, alikuwa ameshaomba kuzima zaidi ya mara moja, akawa anaambiwa arudi siku nyingine. Hiyo siku nyingine haifiki.

Nikimpiga marufuku bila kumpa njia mbadala, kiungio kitaendelea kuchemka mpaka kiwashe moto. Nikimwacha, iko siku nitamzika yeye, au yule kijana. Wodi nazo nizifikieje mpaka zikubali? Halafu kuna jenereta, ambayo shida yake ni ileile: inawashwa kila wiki kwa dakika chache bila kubebeshwa mzigo, maana hakuna anayeruhusu umeme uhamishwe. Watu wanasikia inaunguruma wanaridhika. Mimi siridhiki.

Kidhibiti

Barua ya onyo, basi. Sheria ni sheria. Akirudia, mwondoe kwenye paneli.

Mhandisi wa Zamu

Mkuu, barua unaweza kuandika, ila mzee ana hoja na hoja yake haijajibiwa. Ijibu kwanza.

Anaamini kwamba asipozima anawalinda watoto. Mwonyeshe upande wa pili. Bisibisi ikiteleza ikagusa fezi mbili ndani ya paneli, hiyo si shoti ya kwenye soketi ya nyumbani. Karibu na tranfoma mkondo wa shoti unafika maelfu ya ampea, na cheche inayoruka pale ina joto kuliko uso wa jua. Shaba inageuka mvuke na kumlipukia usoni. Glovu za mpira zinamkinga asipigwe na umeme, ila moto ule hazikuundwa kuuzuia. Sasa fuatilia umeme wenyewe: breka kubwa inayoilisha paneli hiyo inakata, pengine na meni swichi nayo. Badala ya sakiti moja iliyopangwa kuzimwa kwa dakika ishirini, jengo zima linakaa gizani, paneli imeungua, jenereta inawaka lakini haina mahali pa kupeleka umeme. Watoto aliotaka kuwalinda ndio wanaokosa joto kwa saa nyingi, na fundi pekee anayejua nyaya zile yuko chumba cha dharura. Ukimweleza hivyo, hutakuwa unamwambia apunguze kuwapenda wagonjwa. Anawapenda tayari, ndiyo sababu anafungua paneli.

Halafu jiulize kwa nini kuzima breka moja kunaigusa wodi nzima. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-710 kinapanga vyumba vya tiba katika makundi 0, 1 na 2. Vyumba vya upasuaji, wagonjwa mahututi na watoto njiti vinaingia kundi la 2, ambako umeme ukikatika maisha yanaweza kupotea. Huko soketi za kila kitanda zinatakiwa zilishwe na sakiti mbili tofauti angalau, au kila soketi iwe na kinga yake. Kama wodi yako ina sakiti moja kwa safu nzima ya vitanda, tatizo lako si mzee. Omba sakiti ya pili ivutwe. Itachukua muda kupatikana, lakini omba kwa maandishi leo, na tukio la juzi liwe ndani ya maombi hayo.

Wakati unasubiri: zima, weka kufuli kwenye swichi iliyozimwa, kila anayegusa aweke kufuli lake na ufunguo ukae mfukoni mwake. Kisha pima. Tesa (kipimo kinachoonyesha kama umeme upo) ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, ipime pale palipozimwa, irudishwe tena penye umeme. Tesa mbovu inasema "hakuna" kwa upole uleule wa tesa nzima.

Sista Mkuu wa Wodi

Kaka, mimi ni nesi kiongozi wa zamu, na mimi ni mmoja wa hao wanaokataa. Nikuambie kwa nini.

Fundi anakuja na ngazi begani anasema, "Sista, nazima dakika kumi." Anazima nini? Taa? Soketi? Za upande gani? Hajui kuniambia, au anajua ila anataja namba ya breka, na mimi sina namba ya breka, nina kitanda cha nne chenye mtoto wa kilo moja. Kisha anakuja saa ya kulisha watoto na kutoa dawa, nikiwa na manesi wawili tu sakafuni. Dakika kumi zinakuwa saa nzima, simu yake haipokelewi. Baada ya hapo yeyote akija na ngazi namwambia arudi kesho. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nikiletewa mambo haya nakubali siku hiyohiyo: vitanda gani vitakosa umeme, saa ngapi, kwa muda gani, umeme usiporudi mpango ni upi, na nani nimpigie. Aje mwenyewe, siyo kupiga simu, tutembee kitanda kwa kitanda. Soketi ziwe na lebo zinazosomeka bila miwani. Na saa tuchague pamoja, baada ya makabidhiano ya zamu na raundi ya madaktari kwisha, siyo katikati yake.

Jambo moja mafundi wengi hawalijui. Si kila mashine ina betri. Pampu za dripu na mashine za kupumulia kwa kawaida zinayo. Inkubeta za wodini nyingi hazina, zenye betri ni zile za kusafirishia. Mashine za kuzalisha oksijeni zinazokaa wodini hazina, kwa hiyo lazima mitungi iwe imeshaletwa na kufunguliwa kabla hujagusa swichi. Mashine ya kuvuta makohozi nayo inategemea ukutani, tunahitaji ya mguu karibu.

Fundi Vifaa Tiba

Nakazia hapo kwa Sista, na niongeze: hata palipo na betri, usiamini dakika zilizoandikwa kwenye kitabu. Zile ni za betri mpya. Betri za risasi zilizofungwa, kama za UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme gridi ikikatika), umri wake unapungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango zilichoundiwa, na vyumba vingi vya UPS nilivyoviona vinachemka kwa sababu kipozahewa kiliharibika na hakuna aliyekidai. Mkuu, kabla ya kuzima tukae mimi na wewe na orodha ya vifaa vya wodi ile. Umeme wako unaishia kwenye soketi na kazi yangu inaanzia hapo, na katikati ndipo mgonjwa anapoumia kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia.

Pia kwenye vyumba vya upasuaji, kama mna tranfoma ya kutenga (inayotenganisha umeme wa chumba na ardhi) na kifaa cha kuchunga uimara wa insulesheni, kengele yake isizimwe kwa sababu inasumbua. Hitilafu ya kwanza haikati umeme, upasuaji unaendelea, na ndiyo faida ya mfumo ule. Lakini kengele ikinyamazishwa na chanzo kisitafutwe, hitilafu ya pili ndiyo itakayokata. Mwambie na mzee wako kwamba mfumo huo haumpi ruhusa ya kushika nyaya zenye umeme.

Mlinzi wa Fezi

Asanteni sana, hasa Sista. Sikuwahi kuambiwa hayo kwa uwazi namna hii.

Nabaki na mzee. Ni mtu wa heshima zake na amebakiza muda mfupi astaafu. Nikisimama mbele ya timu kumwambia aache, nitamvunja, na vijana watachagua upande.

Mama Voltiji

Mwanangu, usiseme naye mbele ya watu. Mfuate faragha, mwamkie ipasavyo, umwambie ukweli kwamba unahofia uhai wake. Usizunguke. Watu wazima hawapendi kuzungukwa.

Kisha mpe kazi inayolingana na alichonacho. Nimeongoza mafundi walionizidi umri na ninachokijua ni hiki: anayeshikilia ramani kichwani anaogopa siku ramani itakapokuwa kwenye karatasi, kwa sababu anadhani siku hiyo hatahitajika. Mpe yeye michoro aisimamie. Atembee na yule kijana paneli kwa paneli, wafuatilie kila sakiti hadi kwenye soketi, kijana achore, yeye asahihishe, na jina lake liwe juu ya mchoro. Ikiwezekana awe ndiye anayetoa vibali vya kazi, ili neno la "hapana, bado hapajazimwa" litoke kinywani mwake.

Kidhibiti

Mama, heshima kwako, ila hapo kwenye vibali sikubaliani. Mtu aliyezoea kukiuka huwezi kumkabidhi kufuli la wenzake mwezi huohuo. Michoro, sawa. Vibali, msimamizi abaki navyo mpaka aone mabadiliko. Na yule kijana aondolewe leo kwenye kazi yoyote ya paneli wazi. Hilo halingoji mazungumzo.

Mama Voltiji

Kuhusu kijana uko sahihi kabisa. Na kuhusu vibali nakubali, aanze na michoro.

Mhandisi wa Zamu

Nirudi kwenye jenereta, maana hujajibiwa na ni kubwa.

Injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye nozeli na bomba la moshi, mwishowe unaona majimaji meusi yakitoka kwenye maungio ya bomba. Kwa hiyo dakika zenu chache za kila wiki zinaichosha mashine huku zikiwapa moyo. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka jaribio la kila mwezi lisilopungua dakika 30, mzigo usipungue asilimia 30 ya uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake. Kama mzigo wenu ni mdogo kuliko hapo, au wodi hazijakubali bado, kodisheni mzigo bandia wa kupimia, angalau injini ipate joto lake.

Lakini mzigo bandia haupimi swichi ya kubadilishia umeme, ile inayohamisha hospitali kutoka gridi kwenda jenereta. Na mara nyingi kinachoangusha hospitali siyo injini. Ni betri ya kuwashia iliyokufa, swichi ya kuhamisha iliyoganda, au maji chini ya tangi la mafuta. Kwa hiyo jaribio halisi ni kukata umeme wa gridi kwenye ile swichi na kuhesabu sekunde mpaka taa zirudi. Anza na majengo ya ofisi na stoo, halafu wodi za kawaida, vyumba vya upasuaji mwisho, siku isiyo na wagonjwa mezani. Kila hatua ikifanikiwa unaipeleka kwa wodi inayofuata kama ushahidi.

Sista Mkuu wa Wodi

Na mkifika kwetu tutawasaidia kuhesabu. Kila nesi asimame kwenye vitanda vyake aandike mashine iliyozima, iliyolia, na iliyowaka upya ikiwa imepoteza mipangilio. Hizo za mwisho ndizo zinazotutisha, kwa sababu inaonekana inafanya kazi.

Mlinzi wa Fezi

Nimeongea na mzee jioni hii, faragha. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza nani atakaa wodini wakati umezimwa. Sikuwa na jibu. Nyie mnafanyaje?

Mhandisi wa Zamu

Fundi mmoja kwenye paneli na mwenzake mkubwa, fundi mwingine ndani ya wodi mwenye redio mkononi, na haondoki umeme ukirudi. Anapita na Sista kitanda kwa kitanda mpaka kila inkubeta imeonyesha joto linapanda, ndipo kibali kinafungwa na wote wawili wanasaini. Huyo wa wodini awe mzee.

Sista Mkuu wa Wodi

Akiwa yeye, mimi nasaini leo.