MJADALA: Kampuni za pikapu zilazimishwe na sheria kutoa manuali ya gereji kwa kila fundi, ama tuendelee kubahatisha?

Fundi wa Kariobangi

Wakuu habari za jioni. Hii maneno tumeivutana pale Light Industries, kwa gereji za Kariobangi hapa Nairobi, wiki mzima na hatujaelewana, acha niilete hapa.

Imeletwa Hilux dabo-kebini ya 2017, injini ya 2.4, ile 2GD. Inagonga ikiwa baridi, ikiwa silensa (imewaka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, na taa ya injini imewaka. Mwenyewe ameshapitia gereji mbili. Moja ilimbadilishia injekta zote nne, akalipa, akaondoka na shida yake vile vile. Nikifungua boneti naona injekta ni mpya kweli, lakini nikipiga diagnosisi kompyuta ya injini bado inashikilia kodi (code) za zile za zamani. Kwa wasiojua, injekta za siku hizi kila moja imechapwa msururu wa herufi na namba pale kichwani, na huo msururu lazima uingizwe kwa kompyuta na mashine ndio ijue hii injekta inamwaga dizeli kiasi gani. Usipoingiza gari itawaka, ndio, lakini itakusumbua hivyo hivyo.

Sasa hayo yameandikwa wapi? Kwa manuali ya gereji. Si kile kitabu cha kwa dashibodi kinachokuonyesha swichi ya waipa na upepo wa tairi, nasema ile yenye michoro ya waya, nguvu ya kukaza kila bolti, na hatua za kufuata taa ikiwaka. Hiyo ndio shida kupata. Toyota wana tovuti yao ya Marekani, TechInfo, unaweza kulipia hata siku mbili tu, lakini Hilux haiuzwi Marekani miaka mingi sasa, wao wanauziwa Tacoma, kwa hivyo unalipa dola halafu gari yako haiko. Ya Ulaya Hilux iko, unaweza kulipia kwa saa. Lakini Hilux ya Ulaya iko na chujio la masizi kwa ekzosi na sensa zake zote, na hii yangu namba ya chesisi inaanza na MR0, ni ya Thailand, haina hilo chujio. Unafuata mchoro, unafika mahali waya unaoambiwa uushike haupo.

Mimi msimamo wangu ni kwamba anayetuuzia gari hapa atuuzie na maarifa ya kuitengeneza, kwa bei ya haki, na iwe ni sheria si hisani. Mnasemaje?

Mwenye Pikapu Marikiti

Mimi si fundi, natoa kabeji na viazi Kinangop naleta Wakulima. Gari ikilala gereji siku tatu kabeji zinaniozea shambani na wateja wanahamia kwa mwingine. Nimechoka na hii ya "mama tumebadilisha hii tuone". Tuone nini na pesa ni yangu? Siku hizi nauliza fundi kabla hajafungua chochote, umejuaje kama ni hiyo? Wengi wanakasirika. Mmoja tu alinifungulia simu akanionyesha ukurasa, sensa ikitoa volti kiasi fulani ni nzima, chini ya hapo imekufa, akapima nikiona kwa macho yangu. Huyo ndiye nampelekea gari mpaka leo. Kwa hivyo naunga mkono, watoe.

Niko Ndani ya Kampuni

Nafanya kazi kwa dila, muuzaji rasmi wa kampuni ya magari, sitasema gani. Mnaongea kama hizo manuali zimefichwa chini ya kitanda. Zinauzwa, fundi wa Kariobangi mwenyewe amesema ameona za Ulaya na Marekani. Kuandika hiyo kitu ni pesa, kuna watu kazi yao ni kufungua gari moja na kuandika kila hatua. Ni mali ya kampuni na hata sheria ya hakimiliki ya hapa, ya 2001, inalinda maandishi na michoro. Ya pili ambayo hamtaki kusema ni wizi. Ndani ya hayo maelezo kuna ya immobilaiza (kifaa kinachozuia gari kuwaka bila funguo yake) na ya kuandikisha funguo mpya. Mkimpa kila mtu, Hilux na Isuzu D-Max za hii Nairobi zitavuka mpaka usiku huo huo.

Na tukiwa wakweli, mafundi wangapi wa gereji za Grogan watalipia hata wakipewa nafasi?

Fundi wa Kariobangi

@Niko Ndani hiyo ya wizi naisikia kila mara. Wezi hawangojei manuali, mashine za kuandikisha funguo ziko sokoni kitambo. Na Ulaya hawakukwama hapo, mambo ya funguo na immobilaiza wameyatenga, fundi anakaguliwa kwanza, anapewa kibali, ndio anafunguliwa hiyo sehemu. Marekani pia kuna rejista ya mafundi waliokaguliwa hivyo. Nguvu ya kukaza bolti za silinda hedi ina uhusiano gani na wizi wa gari?

Halafu "zinauzwa". Zinauzwa kwa gari ambayo si hii. Chukua Ranger. Manuali ya Ford ya Marekani unaweza kulipia masaa 72, lakini Ranger waliyorudishiwa Marekani 2019 ilikuja na injini ya petroli ya 2.3. Hapa tunaendesha dizeli, 2.2, 3.2, na sasa 2.0. Nisome petroli nitengeneze dizeli?

Mzee wa Grogan

Vijana mnapenda makaratasi. Sisi tumefungua Peugeot 404 na Datsun 1200 Kirinyaga Road kabla nyinyi mzaliwe, kitabu hatukukiona. Sikio na mkono. Injini inakuambia yenyewe inaumwa wapi.

Mwalimu wa Magari

Mzee shikamoo, na heshima zote, ile 404 ilikuwa na kabureta na plagi, ilikuwa inaongea kweli. Hizi za sasa zinaongea na kompyuta, na kompyuta haina sikio.

Nafundisha chuo kimoja cha ufundi na acha niwape mfano mmoja ambao nautumia darasani. Injini ya Ranger ya 3.2. Kubadilisha oili, kazi ambayo kila mtu anajiona anaijua, si ndio? Unafungua nati ya chini, unaacha ichuruzike vizuri, unaenda kunywa chai, unarudi. Kwa hiyo injini ukifanya hivyo unaweza kuiua. Pampu yake ya oili ni ya aina ambayo ikikaa kavu inapoteza mvuto, ukiwasha haivuti tena, na injini inazunguka bila oili mpaka inajishika. Maelekezo ya kampuni ni kwamba oili mpya iingie ndani ya dakika 10 hivi. Fundi aliyekuwa anaacha ichuruzike nusu saa alikuwa anafanya kazi SAFI kwa vile alivyofunzwa na magari ya zamani! Ustadi wake ndio unaua injini. Ama angalia mkanda wa taiming, Hilux ya injini za zamani za KD iko na mkanda wa mpira unaobadilishwa kwa kilomita, ya GD, kama hiyo 2GD, iko na cheni. Nimeona mteja akiuziwa mkanda wa gari ambayo haina mkanda.

Lakini sitaki kuwapaka mafuta mafundi pia. Manuali inadhani uko na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na inadhani unajua "kaza kiasi hiki halafu zungusha nyuzi 90" (robo duara) maana yake nini, na kwamba bolti nyingine zikishafunguliwa hazirudi, zinatupwa. Wanafunzi wangu wengi wakiona ukurasa kama huo mara ya kwanza wanauruka tu. Tukifunguliwa leo, bila kufunza kusoma, tutakuwa na PDF nyingi na gari zilezile mbovu.

Flashi Bei Nafuu

Wasee mnateseka bure, niko na flashi ya manuali zote Hilux D-Max Navara Ranger Triton, thao moja tu, nakutumia hata kwa Telegram 🔥

Mwenye Pikapu Marikiti

Na ikiwa ni ya gari ingine, utanirudishia injini?

Fundi wa Kariobangi

😂😂 Asante mama. Hizo flashi kila mtu hapa anazo, tusidanganyane. Shida hujui ukurasa umetoka kwa gari ya nchi gani na mwaka gani, na masahihisho yanayotolewa baadaye huyapati. Uangalie chesisi kwanza jamani kabla hujaamini PDF yoyote, MR0 ni Toyota ya Thailand, AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, MPA ni Isuzu ya Thailand, AFA ni Ford ya Afrika Kusini. Zinafanana kwa sura, ndani zinaweza kutofautiana.

Wakili wa Mtaa

Hakimiliki ni kweli iko, kwa hivyo flashi ya huyo ndugu ina shida zake. Lakini someni Katiba, Ibara ya 46. Mlaji ana haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na hiyo ibara haifungi serikali peke yake, inazigusa bidhaa za watu binafsi pia. Pikapu ambayo haiwezi kutengenezwa isipokuwa na yule aliyeiuza, umenufaika nayo kikamilifu? Mimi ningependa kuona hilo likibishaniwa mbele ya jaji. Pia kuna Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya.

Na si jambo geni. Massachusetts, jimbo la Marekani, wananchi walipiga kura mwaka wa 2012 maelezo haya yatolewe kwa gereji huru, na kufika 2014 kampuni za magari zikakubali kwa maandishi kufuata hivyo Marekani nzima. Australia iko na sheria yake tangu Julai 2022. Ulaya inasema bei iwe ya haki na ulipie saa, siku, mwezi ama mwaka. Jirani zetu Afrika Kusini, tume yao ya ushindani ilitoa miongozo iliyoanza 1 Julai 2021, gereji huru wapewe maelezo ya kiufundi, na mwenye gari asinyimwe waranti ati kwa sababu amefanyia sevisi nje.

Niko Ndani ya Kampuni

Miongozo. Umesema mwenyewe, wakili. Si sheria.

Wakili wa Mtaa

Sawa, hiyo nakupa. Lakini ni zaidi ya tulicho nacho sisi, ambacho ni sifuri.

Niko Ndani ya Kampuni

Basi niulize swali la ukweli. Hiyo Hilux ya MR0 haikuuzwa na dila wa hapa. Ililetwa na mtu wa yadi kutoka Thailand, used, akalipa ushuru akaenda. Sasa mnataka kumlazimisha nani? Sisi hatukuiuza, hatukupata faida hata ya kumi. Mnatutwisha mzigo wa gari ya mtu mwingine.

Fundi wa Kariobangi

Hapo umepiga mahali penyewe, na nilikuwa nangoja mtu aseme. Sina jibu zuri kwa za yadi. Yule wa yadi hana manuali na hawezi kuiandika, ukimlazimisha atakuletea flashi ya huyu jamaa wa thao moja.

Lakini za kuunganishwa hapa jibu lipo na halihitaji hata sheria mpya kubwa. D-Max inaunganishwa hapa hapa Mombasa Road. Gari ikija vipande vipande kuunganishwa hapa inasamehewa ushuru wa forodha, na ile inayokuja nzima inapigwa huo ushuru kabla hata hujafika kwa kodi zingine. Huo msamaha ni pesa yetu sisi walipa kodi, mimi na mama wa kabeji. Si uwekewe sharti moja tu? Unataka nafuu, weka manuali ya gari unayounganisha mahali fundi yeyote anaweza kulipia kwa M-Pesa, kwa saa ama kwa siku, ya gari hiyo hiyo na chesisi hiyo hiyo, ukiacha ile sehemu ya funguo. Kampuni ikikataa ni sawa, ilipe ushuru kama wengine. Hakuna mtu amenyang'anywa hakimiliki hapo, inauza.

Mwalimu wa Magari

Na ongeza kwa hilo sharti nakala kwa vyuo vya ufundi. Mimi nafundishia injini ya kabureta, na wanafunzi wangu wakitoka hapa wanaenda kukutana na 2GD.

Niko Ndani ya Kampuni

M-Pesa kwa saa... sijui wakubwa watasema nini, lakini hiyo angalau mtu anaweza kuiingiza kwa mkutano bila kufutwa. Ila mtupatie na nyinyi kitu. Gereji ikifuata manuali na bado iharibu gari, isikuje kwetu kudai waranti.

Mwenye Pikapu Marikiti

Na isikuje kwangu pia! Fundi akinitengenezea aniandikie kwa risiti amefuata ukurasa gani na amekaza kwa nguvu gani. Akiharibu tujue ni yeye ama ni kitabu.

Mzee wa Grogan

Risiti Grogan 😂 haya, hiyo mtaanzia huko kwenu Kariobangi.

Fundi wa Kariobangi

Marahaba mzee, tutaanzia. Wakili, ukipata nafasi tuandikie rasimu ya barua ya kupeleka Hazina na nakala kwa Mamlaka ya Ushindani, sisi tukusanye mifano. Aliye na gari iliyounganishwa hapa na imekwama kwa kukosa mchoro wa waya aweke hapa chini modeli, mwaka, na herufi tatu za kwanza za chesisi. Chesisi nzima usiweke.