Naombeni ushauri: tajiri anataka niingie kamati ya usalama kazini

FundiMfenesi
Asalaam aleykum wanabaraza. Mie ni fundi katika karakana ya milango na vitanda, Mkoa wa Mjini Magharibi hapa Unguja. Tuko mafundi 11. Juzi tajiri katuita, kasema kwa hiari yake anataka kuunda kamati ya usalama: yeye mwenyewe, wafanyakazi wawili, na aalikwe afisa wa serikali awe anakuja kutushauri, tusingoje siku ya kukaguliwa. Wenzangu wamenitaja mie. Usiku silali. Nikubali au nikatae?

Mkwezi_wa_Wete
Kubali ndugu yangu. Huku Pemba kila msimu tunaokota watu chini ya mikarafuu. Tawi la mkarafuu halikupi habari, halipindi, hukatika tu. Na malipo ni kwa pishi, basi mtu hulifuata shada la mwisho kule nchani. Marehemu ami yangu aliteremka na tawi zima, pakacha bado kalikumbatia. Asubuhi ile kila mtu aliiona kamba yake imechakaa, hakuna aliyesema.

BarazaMalindi
Kuna posho ya kikao? Kama ipo nipeni mie hiyo nafasi 😀

MamaSalha
Jambo la heri halimkoseshi mtu usingizi. Umeficha nini, mwanangu?

Kijana_Fuoni
Pigeni simu OSHA waje wamfungie!

Afisa_Mstaafu
Taratibu. OSHA, wakala wa usalama kazini, ni ya Bara, na kazi si jambo la Muungano. Sisi tuna Idara yetu ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria Na. 8 ya 2005. Analolitaka tajiri si geni. Marekani wana mpango kama huo tangu 1982: mwajiri, wafanyakazi na serikali wanakubaliana, na sehemu ikishapasishwa hutolewa kwenye orodha ya ukaguzi wa kawaida. Lakini mfanyakazi akilalamika, au akifa mtu, mkaguzi anaingia vilevile. Na penye chama cha wafanyakazi, chama kisiporidhia, mpango haupiti.
FundiMfenesi, tajiri kakupa karatasi yoyote?

FundiMfenesi
Kanipa. Ni barua ya kumwomba huyo afisa aje. Ndani imeandikwa kwamba mwaka huu hapajatokea ajali. Nimeshatia saini, imebaki kupelekwa tu.
Ajali ilitokea, wiki 3 zilizopita. Kijana wetu mmoja kakatika vidole 2 kwenye msumeno wa meza. Ubao wa mfenesi ulikuwa na fundo, ukaubana msumeno, ukaruka kumrudia, na mkono uliokuwa ukisukuma ukaangukia menoni.
Lakini msinihukumu. Tajiri kalipa hospitali, na mshahara wa kijana unamfikia. Karakana ikifungwa, watu 11 tutakula wapi? Nimeona kamati ikishasimama ndiyo itakayozuia nyingine.

MamaSalha
Msumeno ulikuwa na kava?

FundiMfenesi
Haukuwa nalo.

MamaSalha
Nani kalitoa?

FundiMfenesi
Mie. Milango 6 ya hoteli ilitakiwa kabla ya Iddi, na kava lilikuwa linagoma kwa mbao nene. Nimelifungua kwa spana yangu mwenyewe.

Ustadh_Mwera
Ndugu yangu, saini ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Usiangalie tajiri kasema nini, angalia utajibu nini.

Kijana_Fuoni
Mie nasema hii imetungwa. Kajiunga juzi, na kila akijibu anatoa siri mpya kama mchezo wa redio. Huyu mwanafunzi wa chuo, anatafuta majibu ya utafiti wake.

BarazaMalindi
Kweli bwana. Na milango ya hoteli siku hizi si inaletwa kwa kontena? Weka picha tuone.

Mkwezi_wa_Wete
Hata kama yeye katunga, ami yangu mie sikumtunga.

FundiMfenesi
Sikutunga. Kijana ni mtoto wa dada yangu, mie ndiye niliyemtia kazini. Picha ya mkono wake siiweki humu.

Afisa_Mstaafu
Picha ya nini? Sikiliza. Kesho mwambie tajiri barua ile ichanwe, iandikwe nyingine yenye ajali ndani, na kava litajwe. Afisa mliyemwita kuwashauri, mkimficha vidole viwili, atawashauri kitu gani? Na ajali yenyewe itolewe taarifa Idarani, hilo halina hiari. Fidia ya kijana ni haki yake kisheria, mshahara anaopewa sasa ni hisani. Isipoandikwa leo, mwakani tajiri akigeuka, kijana atadai kwa ushahidi upi? Kiti cha pili cha kamati mpeni huyo kijana, kama mwenyewe ataka.

FundiMfenesi
Na tajiri akinifukuza mie?

Afisa_Mstaafu
Usiende peke yako. Nendeni na hao wenzio waliokutaja. Akimfukuza aliyesema ukweli siku ya kwanza, basi hakutaka kamati, alitaka saini yako.

MamaSalha
Na hilo kava liko wapi sasa hivi?

FundiMfenesi
Juu ya kabati la misumari. Leo tumepasua mbao kutwa bila yake.

MamaSalha
Hata baada ya mtoto wa dada yako?

FundiMfenesi
Hata baada yake, mama.
Nati moja imepotea. Nimempigia mwenzangu mwenye ufunguo, asiwashe mashine mpaka nifike nayo.